Tazara si Kituo cha Daladala

Konda aligonga bati mara mbili. "Tazara hapa, wa Tazara!" Kijana aliyekaa ubavuni mwangu, begi la chuo mapajani, akachungulia dirishani na kuliona lile jengo kubwa la zege lililokaa nyuma ya uzio kama mgeni aliyechoka kusubiri kukaribishwa chakula. Akaniuliza, "Samahani mzee, hapa palikuwa ofisi ya nini?" Nikamwambia ni stesheni ya treni, ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Akacheka kwa aibu. "Kumbe! Mimi nilijua Tazara ni jina la kituo tu, kama Buguruni, kama Veta."

Sikumshangaa. Foleni ilikuwa ndefu, nikaanza kumsimulia, lakini alishuka kabla treni yangu haijafika hata Kidatu. Yaliyobaki nayaandika hapa.

Pale Tazara, Barabara ya Nyerere inapokatana na ya Mandela, unaweza kuisoma sera ya mambo ya nje ya nchi hii bila kushuka kwenye daladala. Stesheni ni ya Wachina, ya miaka ya sabini. Daraja la juu linalopita mbele yake, lile la Mfugale lililofunguliwa 2018, limejengwa kwa msaada wa Japani. Malori yanayonguruma chini yake yanatoka bandarini, ambako tangu mkataba wa Oktoba 2023 kampuni ya DP World ya Dubai imepewa sehemu ya magati. Ukisogea mjini unakutana na nguzo za reli ya umeme, ile ya treni ya mchongoko. Kipande cha kwanza cha kwenda Morogoro kilianza kujengwa 2017 na Waturuki wa Yapi Merkezi pamoja na Wareno wa Mota-Engil. Hilo jina la Mota-Engil mliweke akilini, litarudi.

Kila rafiki ameacha zege lake. Mimi nina deni na lile la kwanza.

Nimezaliwa Mlimba, kwenye nyumba za reli. Baba yangu, Mbena wa Njombe, aliteremka bondeni mwaka 1971 akiwa na miaka 19, akaandikishwa kibarua. Njia kutoka Dar es Salaam ilikuwa inakaribia Mlimba, na mbele yake palikuwa na ukuta: kilomita kama 157 za kupanda kutoka bonde la Kilombero hadi Makambako. Mahandaki 18 kati ya 22 ya reli nzima yako kwenye kipande hicho, na madaraja yamefuatana kama shanga. Mpaka leo treni ikiingia pale abiria wageni wanasogea madirishani, na wenyeji wanaendelea kula mihogo yao.

Mzee alibeba zege. Kilichomshangaza, na alichokirudia mpaka anakufa, ni kwamba Mchina aliyewasimamia naye alibeba. Kaka yake mkubwa alikuwa amekwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga, akarudi na habari za bwana shamba anayetembea na fimbo. Sasa huyu bwana mkubwa mbona ana matope mpaka masikioni? Hawakuwa na lugha. Walikuwa na vidole, vichekesho, na maneno mawili matatu. "Kuai, kuai!" ndiyo amri ya kuharakisha, na ikahamia nyumbani kwetu moja kwa moja. Mama, ambaye hakuwahi kuzungumza na Mchina maishani mwake, alituamsha nayo: kuai kuai, kipisi kinakuja.

Kuhusu kipisi nitakuja. Tuanze na shaba, maana tuseme ukweli, reli hii haikujengwa kwa ajili ya watu wa Mlimba.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Wazungu Rhodesia. Zambia ilikuwa na uhuru wake wa mwaka mmoja tu, na shaba yake, ambayo ndiyo ilikuwa karibu kila kitu, ilipita kwa treni katika ardhi ya Smith. Nchi huru, lakini mlango wake wa kutokea uko chumbani kwa jirani anayeichukia. Mafuta yakawa yanapelekwa kwa ndege, kisha kwa malori kwenye barabara ya vumbi kutoka Dar. Benki ya Dunia ilikuwa imeshaukataa mradi wa reli mwaka 1964, ikisema hauna faida ya kiuchumi. Mwalimu Nyerere akaenda Beijing Februari 1965, na tarehe 5 Septemba 1967 nchi tatu zikatia saini hukohuko. Mkopo wa yuan milioni 988, bila riba, kulipwa kwa miaka 30. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ikakabidhiwa.

Kumbukeni China ya wakati ule ilikuwa katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, watu wake wenyewe maskini. Mtu kukuazima shati akiwa na kabati limejaa ni jambo moja. Hawa walikuwa na mashati mawili.

Ila shati lile halikuja bila mkono kurudi. Oktoba 1971, wakati Mzee anachimba mlima, Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuirudishia Beijing kiti chake, na kura za Afrika ndizo zilizosukuma gari. Balozi wetu pale, Salim Ahmed Salim, alisherehekea waziwazi ukumbini, na Marekani haikusahau. Miaka kumi baadaye, 1981, alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja huo, Marekani ilimpigia turufu tena na tena, huku China ikimpigia mpinzani wake Kurt Waldheim kura hizohizo za kukataa, mpaka wote wawili wakakaa pembeni. Kwa hiyo mtu akiniambia urafiki wa zamani ulikuwa urafiki mtupu na wa leo ni biashara tupu, namwomba akumbuke tarehe hizo.

Kuna hesabu nyingine inayonifurahisha zaidi, sijui kwa nini haifundishwi shuleni. Gharama za ndani za ujenzi, pamoja na mishahara ya vibarua, zililipwa kwa njia ya bidhaa. China ilileta mali zake, vitambaa, vyombo, vitu vya nyumbani, zikauzwa madukani Tanzania na Zambia, na fedha iliyopatikana ndiyo ikalipia kazi. Kwa maneno mengine, Mzee alilipwa mshahara uliotokana na mabeseni, kisha akaenda dukani na mshahara huo akanunua beseni. Beseni lenyewe lipo, lina maua mekundu ubavuni, limetoboka chini. Mama analianikia kisamvu.

Halafu kuna suala la upana. Reli ya Kati ya Mjerumani ina mita moja kamili kati ya chuma na chuma. TAZARA ina milimita 1,067, kipimo cha reli za kusini: Zambia, Rhodesia, Afrika Kusini. Ilibidi, ili mabehewa ya Zambia yapite bila kupakuliwa. Lakini tafakari mzaha wake: reli iliyojengwa ili kuwakimbia Makaburu ilivaa kiatu cha saizi yao. Na ndani ya nchi yetu wenyewe reli mbili hazikuweza kupeana behewa. Mpaka pakajengwa pa kuhamishia mizigo Kidatu, zilikuwa kama ndugu wa baba mmoja wasiosalimiana.

Mzaha wa pili. Vichwa vya treni vya Kichina vilivyokuja na reli vilihema vibaya kwenye mlima wa Mlimba na Makambako. Mwanzoni mwa miaka ya themanini vikaletwa vingine, vya muundo wa General Electric ya Marekani, vilivyoundwa Ujerumani Magharibi. Kwa hiyo utoto wangu wote, Reli ya Uhuru iliyojengwa na Mao ilivutwa na Mmarekani. Sisi watoto hatukujua. Tulichojua ni kwamba mlio wake ulitangulia kufika kabla ya taa.

Sasa kipisi.

Kipisi ni treni fupi. Haikuwa ile ya kwenda Zambia yenye vitanda na behewa la chakula. Ilikuwa ya kwetu, inasimama kila mahali, hata pale ambapo stesheni ni kibanda na mwembe. Masika barabara ya Ifakara ikigeuka mto, kipisi ndicho kilikuwa barabara, gari la wagonjwa, gari la maiti na posta. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kubadilishana hali ya hewa. Bondeni tuna mchele, ndizi, samaki wa Kilombero. Juu Makambako wana baridi, viazi, maharage, kabichi. Mchele unapanda, viazi vinashuka. Ukiwa na magunia mawili na akili ya kujua bei ya jana, unasomesha watoto.

Mama alikuwa nayo akili hiyo. Alipanda alfajiri na mchele, akalala Makambako kwa mwanamke mwenzake wa Kihehe waliyejuana kwenye behewa, akarudi kesho yake na viazi. Miaka na miaka. Hakuandika kitu, lakini ukimuuliza mchele ulikuwa bei gani mwaka ule mama mdogo alipoolewa, atakutajia, na atakutajia na nauli. Kuna wanawake waliojenga nyumba za bati kwa mtaji wa debe moja. Kuna vijiji vizima vilivyohama kutoka porini vikaja kukaa kando ya njia, kwa sababu behewa ni soko linalotembea. Wanasiasa walijenga reli ya kuikomboa Kusini mwa Afrika, na njiani ikamkomboa mtu asiyekuwa kwenye hotuba yoyote.

Shaba, kwa upande wake, haikuwa na uaminifu. Sisemi kwa uchungu. Oktoba 1978 Zambia yenyewe ilifungua tena mpaka wa kusini kwa sababu mbolea ilikuwa imekwama na msimu wa kupanda unagonga mlango. Kaunda angefanya nini, awalishe watu mshikamano? Mwaka uliofuata makomando wa Rhodesia wakalipua daraja la reli yetu la Chambeshi, Zambia. Kisha 1980 Zimbabwe ikawa huru, na katika miaka ya tisini Afrika Kusini nayo. Ushindi tuliouimba ndio ulioinyang'anya reli kazi yake. Njia za kusini zikawa halali, malori yakajaa barabara inayokwenda sambamba na reli yetu, na foleni ya Tunduma ikawa methali. Reli iliyopangiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilifika mahali, mwaka wa fedha 2014/15, ikabeba chini ya tani laki moja.

Kwenye miaka hiyo ndipo nilipoelewa kazi ya baba baada ya ujenzi. Wachina walipoondoka alibaki kwenye genge: watu wanane, tochi, nyundo, spana ndefu, kutembea kwenye mataruma ya zege wakigonga na kukaza. Mlima ule hausahau kwamba ulitobolewa. Kila masika unarudisha udongo. Kuna waliokwenda China kusoma uhandisi, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia, na walirudi wakaendesha reli yao. Lakini uhandisi bila spea ni maneno. Viongozi wawili wakikutana wanazungumzia mapinduzi na historia. Hakuna aliyesafiri kwenda Beijing kuzungumzia kokoto.

Nasema hivyo kisha namkumbuka Xi Jinping. Machi 2013 alifika hapa katika ziara yake ya kwanza ya Afrika kama rais, akaenda Gongo la Mboto kuweka shada kwenye makaburi ya Wachina waliokufa kwa kazi ile na nyingine za ushirikiano, makaburi zaidi ya 60. Mzee alikuwa bado hai. Alitazama taarifa ya habari mpaka mwisho, akanyamaza, halafu akataja majina manne ya Watanzania waliofukiwa na udongo alipokuwa yeye kazini. Akaniuliza kama na wao watapelekewa maua. Niligeuza mazungumzo.

Leo shaba imerudi kuwa bibi harusi. Magari ya umeme yanaitaka, nyaya zinaitaka, na kobalti inayotoka nayo Katanga inatakiwa zaidi. Kongo imekuwa ya pili duniani kwa shaba baada ya Chile. Ukikaa Kariakoo siku moja utawasikia wafanyabiashara wa Lubumbashi na Kolwezi wakipatana bei kwa Kiswahili chao kile kinachotukunjisha uso na kutuchekesha, na wao chetu kinawachekesha. Mizigo yao mingi inapita Kasumbalesa, inavuka Zambia, inaingia Tunduma hadi bandarini kwetu. Inakuja kwa lori.

Upande wa pili wa bara kuna mlango mwingine: Lobito, Angola, kwenye Atlantiki. Marekani na Umoja wa Ulaya wameukumbatia tangu 2023, na Desemba 2024 Joe Biden alikwenda hukohuko kuuonyesha kwa mkono. Makamu wetu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, alikuwapo pia, pamoja na marais wa Angola, Kongo na Zambia. Reli ile inaendeshwa na ubia wa Trafigura, Vecturis na, ndiyo, Mota-Engil. Na kabla ya hapo nani aliyeifufua baada ya vita vya Angola? Wachina, kazi ikaisha 2014. Kwa hiyo Marekani inashindana na China kwa kutumia njia iliyorudishwa na Wachina, kama vile sisi tulivyopanda mlima wa Wachina kwa kichwa cha Mmarekani. Mwenye kutaka kuchora ramani ya "kambi ya Mashariki" na "kambi ya Magharibi" barani humu aje na kifutio.

Miezi mitatu kabla ya Biden kufika Lobito, tarehe 4 Septemba 2024, Rais Samia na Rais Hichilema wa Zambia walikuwa Beijing. Mbele yao na mbele ya Xi ikatiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Dola bilioni 1.4. Mwaka uliofuata ukaja mkataba wenyewe: miaka 30, kampuni ya CCECC ya China irekebishe njia, ilete vichwa 32 na mabehewa 762, iendeshe, irudishe fedha yake.

Hapa ndipo nataka msomaji apunguze mwendo. CCECC ilianzishwa 1979 kutoka kwenye idara ya misaada ya nje ya Wizara ya Reli ya China, idara ileile iliyosimamia ujenzi wa TAZARA. Yule mwenye matope masikioni amerudi, ila safari hii ana stakabadhi. Zamani alituazima fedha, akajenga, akatukabidhi funguo, na hasara ikawa yetu. Sasa fedha ni yake na funguo anakaa nazo. Zambia, iliyoshindwa kulipa madeni yake ya nje mwaka 2020, isingeweza kubeba mkopo mwingine wa ukubwa ule, na sisi tuna SGR yetu, ile reli ya umeme, ya kulipia. Sioni usaliti hapo. Naona bei.

Ninachokiogopa ni kidogo na ni cha karibu zaidi. Mwekezaji anahesabu tani, na yuko sahihi, shaba inalipa. Mlima mmoja una njia moja. Treni ya shaba na kipisi haviwezi kupita pamoja, kimoja lazima kisubiri kwenye njia ya kupishana. Nani atasubiri? Reli ya Kati tuliwahi kuikodisha 2007 kwa kampuni ya RITES ya India, na baada ya miaka michache serikali ikaichukua tena. Wakenya na Waganda nao walikodisha ya kwao 2006, mkataba ukavunjwa 2017. Bara hili lina uzoefu wa kutosha wa kukodisha reli kujua kwamba kisichoandikwa kwenye mkataba hakipo. Nauli ya kipisi iandikwe. Vituo vyake viandikwe kwa majina, Uchindile akiwemo. Kama serikali italazimika kumlipa mwekezaji ili treni ya wananchi itembee, ilipe, iwe kwenye bajeti, tuione bungeni. Mambo haya hayawezi kuachwa kwa moyo mzuri wa mtu, awe Mchina au Mmarekani au mkurugenzi aliyezaliwa Ifakara.

Najua kuna watakaosema nalinganisha magunia ya viazi na madini ya dunia. Ndiyo. Shaba si yetu. Ni ya Zambia na ya Kongo, na kesho wanaweza kuipeleka Lobito kama jana walivyoipeleka kusini. Viazi havina Lobito.

Jioni ya ile siku ya saini ya Beijing nilimpigia Mama simu. Habari alikuwa ameisikia redioni. Hakuuliza bilioni ngapi. Aliuliza kama hao Wachina ni walewale, nikamwambia ni watoto wao. Akataka kujua gunia litalipiwa shilingi ngapi kupanda Makambako, na kama kitasimama Uchindile, maana shoga yake wa huko mguu umevimba, hawezi kutembea hadi kituo kingine. Nikasema bado hawajafika huko.

"Basi waulize," akasema. Halafu akaniambia amenitumia mchele, gunia moja na kiroba cha ndizi, niende kuupokea Tazara, na nisisahau hela ya mbeba mizigo kwa sababu mara ya mwisho nilimpa kidogo akalalamika mpaka Mlimba wakasikia.